Jiko la kuni la pili: jibuni maswali haya kabla ya kumwita fundi

Mama mmoja wa Chanika, Handeni, ameniletea swali. Mtungi wake wa gesi wa kilo 15 ulikuwa unamfikisha karibu miezi miwili. Tangu mama mkwe ahamie kwake kutoka Lushoto, mtungi hauvuki mwezi. Bibi hawezi kuoga maji ya baridi, na maharage hayakosekani jikoni.

Mumewe anataka lijengwe jiko la kuni uani, lenye pipa la kuchemshia maji, gesi ibaki kwa mapishi ya haraka. Mama anasita kwa sababu mtoto wao wa mwisho ana pumu. "Nikikataa, nitaonekana simtaki bibi. Nikikubali, namwumiza mwanangu," anasema.

Dada yangu, nami nimepita hapo hapo. Hapa Manundu, Korogwe, niliwahi kununua jiko la kuni kwa sababu ya bei tu. Mdomo wake ulikuwa mpana, unameza gogo zima. Wiki ya pili binti yangu alikuwa anakohoa usiku kucha, na kuni nilizodhani ni za mwezi zilikuwa zimekwisha. Jiko lile sasa ni kiota cha kuku.

Gesi inakwenda wapi?

Tuanze na hesabu. Familia inayopasha ndoo mbili za lita 20 kila siku kwa ajili ya kuoga hutumia takriban kilo nne za gesi kwa mwezi kwa maji peke yake. Hiyo ni zaidi ya robo ya mtungi wako. Ongeza maharage ya saa mbili, na utaona mtungi unakokwenda.

Kwa hiyo mumeo hajakosea kutafuta msaada. Lakini kabla ya kujenga, jaribu mambo mawili yasiyo na gharama. Loweka maharage usiku kucha, kisha yapike sufuria ikiwa imefunikwa. Na jua la Handeni unalijua: jaza maji kwenye dumu jeusi, liache juani tangu asubuhi, bibi aoge saa kumi jioni. Siku za mawingu za Juni na Julai halitatosha, ila siku nyingine litakupunguzia moto.

Likijengwa, liwe wapi?

Liwe nje, chini ya paa lisilo na kuta, mbali na madirisha ya vyumba vya kulala. Liwe na bomba la moshi linalopanda juu kuliko paa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo wengi. Jiko banifu hupunguza moshi, haliumalizi. Mtoto mwenye pumu asikae karibu nalo, hata kama fundi ataapa kwamba halitoi moshi.

Liwe na umbo gani?

Mdomo uwe mdogo, kiasi cha kuingiza vijiti vichache vilivyopasuliwa. Kuni zilale juu ya kibao cha chuma ili hewa ipite chini yake. Ndani, kuta zizungushiwe tofali la udongo uliochanganywa na maranda, ili joto lipande kwenye sufuria badala ya kupotelea ukutani. Sufuria izame kidogo ndani, ibaki nafasi nyembamba ya moto kupita pembeni.

Mwambie fundi alijaribu mbele yako. Pima kuni kwenye mizani, chemsha lita tano za maji, kisha pima kuni zilizobaki. Mafiga matatu hula karibu robo tatu ya kilo. Jiko zuri, kwa kuni kavu, halitakiwi kufika nusu kilo. Likizidi hapo, usilipe.

Na pipa la maji?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa akina baba mnaopenda kuunda vitu. Pipa lisifungwe kabisa hata siku moja. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na pipa lisilo na pa kupumulia hupasuka kama bomu. Mfuniko ukae tu juu, usikazwe. Koki iwe upande wa mbali na moto, mahali mtoto mdogo hafiki. Moto usiwashwe pipa likiwa tupu.

Kuni zitatoka wapi?

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiuchoma, unalipa kwa kuni kuyachemsha maji hayo kwanza, na unavuta moshi. Pasua kuni ziwe nene kama kifundo cha mkono, zipange chini ya paa, zikae miezi mitatu au zaidi.

Tumieni matawi ya miembe mnayopogoa, magunzi ya mahindi, na mabanzi ya viwanda vya mbao. Mbao zenye rangi na dawa, achaneni nazo. Mnyaa nao uacheni, utomvu wake ni hatari kwa macho. Na tusijidanganye: malori yanayobeba mkaa kutoka Handeni tunayaona wote, na vichaka vinapungua. Pandeni mijohoro michache pembeni mwa shamba. Ukiikata huchipua tena. Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, hivyo jiko hili lisiwe sababu ya kuiaga gesi.

Nani atawasha moto?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike wiki hii. Jiko la kuni halijiwashi. Kuna mtu atapasua, atabeba, atapuliza, atazoa majivu. Katika nyumba nyingi mtu huyo anakuwa mama, au binti anayetakiwa kuwa na daftari mkononi. Tukisema tumeokoa pesa ya gesi huku binti anachelewa shule kwa sababu ya kuni, hatujaokoa kitu.

Kwa hiyo, dada yangu, mwambie mzee umekubali kwa masharti matatu. Jiko likae nje na lifanye kazi mbili tu, maji na maharage. Chakula cha kila siku kibaki kwenye gesi, ili mtoto awe salama jikoni na mama yake. Na asubuhi, anayewasha moto wa maji ya bibi awe mwenyewe aliyetaka jiko.

Bibi atafurahi zaidi akipelekewa ndoo ya maji ya moto na mwanawe.