Gemu za Atari si mbovu, ni vile mnazishika

Wasee, wiki jana niliweka klipu ya uongo. Sikujua ni uongo, lakini mlicheka, na mimi pia nilicheka, kwa hivyo acha nirudi nirekebishe.

Binamu yangu alikuja likizo kutoka Marekani na Atari 2600 ndani ya begi. Ni ile mashine iliyotoka 1977, ilikuwa ya mjomba. Alikuwa na padeli mbili zilizounganishwa kwa plagi moja, na nyingine ya tatu iko na plagi yake peke yake. Kama hujawahi kuona padeli, ni kitu cha kushika kwa kiganja, kina nobu ya kuzungusha juu na kitufe kimoja ubavuni. (Na kabla mtu ajaribu: umeme wa huko ni volti 120, usichomeke adapta yao kwa ukuta wa hapa ukitarajia mema.)

Nikaweka Breakout. Padeli za kwanza: kibao kinatetemeka kwa skrini kama mtu wa homa. Ile ya tatu: nazungusha, nazungusha, kibao hakisongi hata kidogo. Nikarekodi, nikasema hizi mbili ni wagonjwa, hii nyingine imekufa, na gemu zenyewe zinaboo, wazee wetu walikuwa wanavumilia mengi. Binamu aliona klipu. Hakuniambia kitu hadi jioni, halafu akaniuliza swali moja tu: "Hiyo imekufa, umewahi kuizungusha ukafika mwisho?"

Nikajaribu. Haina mwisho. Inazunguka tu, milele. Zile zingine zinagonga ukuta pande zote mbili. Kwa umbo ni kama ndugu, lakini ndani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Padeli ya kawaida unaijua tayari, kwa sababu nyumbani mko na wufa. Nobu ya sauti ikizeeka, ukiigusa tu inapiga kwaaarr. Ndani kuna utepe wa kaboni na kiulimi cha chuma kinachoteleza juu yake. Ukizungusha, umeme unapita kwa urahisi zaidi au kwa shida zaidi. Hiyo inaitwa potensiometa. Ya Atari inaenda hadi ohm milioni moja.

Sasa hapa ndio mimi niliheshimu hao watu. Mashine hiyo ina RAM ya baiti 128. Si kilobaiti, ni baiti. Meseji moja ndefu ya kuachana inaijaza. Haina chombo cha kugeuza umeme kuwa namba moja kwa moja. Kwa hivyo walifanya hivi: ndani ya konsoli kuna kapasita. Programu inaimwaga umeme wote, halafu inaiacha ijae kupitia padeli yako. Ni kama kujaza mtungi kwa mfereji: ukifungua sana unajaa haraka, ukifungua kidogo utangoja. Na saa ya kupima huo muda ni nini? Ni picha yenyewe. TV ya Marekani ya enzi hiyo ilikuwa inachorwa mstari kwa mstari, na Atari iliitumia mistari 262 kwa fremu, karibu fremu 60 kwa sekunde. Kila baada ya mstari, programu inachungulia: umejaa? Bado. Umejaa? Bado. Umejaa! Hesabu ya mistari waliyofika ndiyo mahali pa kibao chako. Yaani mkono wako unapimwa kwa kasi ya TV kuchora.

Ndiyo maana ilikuwa inatetemeka. Vumbi kwa kaboni linafanya kiulimi kirukeruke, hesabu inakuwa 80, mara 95, mara 78, na kibao kinafuata. Nilipuliza spreyi ya kusafisha kontakti ndani, nikazungusha nobu mara nyingi huku naangalia kitu kingine, na homa ikaisha. Kazi ya dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeshatoa cheti cha kifo.

Ile ya tatu sasa. Hiyo ni ya kuendesha gari, ilikuja na gemu ya Indy 500. Haina potensiometa. Haijui iko wapi, inajua tu kwamba imesonga na imesonga upande gani. Inatumia waya mbili, na kila moja ni ndiyo au hapana. Ukizungusha upande mmoja, mfuatano ni 00, 01, 11, 10, halafu unarudi mwanzo. Upande mwingine, mfuatano uleule unarudi nyuma. Fikiria mlango wenye taa mbili, moja nje na moja ndani: ikiwaka ya nje kwanza, mtu anaingia, ikiwaka ya ndani kwanza, anatoka. Huhitaji kumuona. Na kwa vile Breakout inasubiri kapasita ijae kupitia waya zingine kabisa, haingesikia hiyo nobu hata ningezungusha hadi Pasaka.

Trakiboli ni hiyo akili mara mbili. Mpira unasukuma viringi viwili, kimoja cha kushoto-kulia na kingine cha juu-chini. Kila kimoja kinazungusha kisahani chenye matundu, taa inapita kwa matundu, na inatoka mifuatano miwili kama ile. Kama ulisoma kompyuta na kipanya cha mpira, kile tulikuwa tunakifungua kukwangua uchafu, ulishika trakiboli iliyopinduliwa. Na trakiboli ndiyo ilitangulia: jeshi la majini la Kanada lilikuwa nayo 1952 kwa mradi wa DATAR, wakitumia mpira wa kubolingi.

Sasa hoja yangu. Joistiki inaweza kusema kitu kimoja tu: kushoto, ndiyo au hapana. Trakiboli inasema kushoto, na kwa kasi hii. Missile Command ya 1980 na Centipede ya 1981, zile za mashine kubwa za kusimama, zilitengenezwa juu ya hiyo kasi. Unaupiga mpira kwa kiganja, alama inaruka hadi kona ya skrini, unaushika, unapiga kombora. Missile Command ya Atari 2600 iliandikwa kwa joistiki, na ukichomeka trakiboli ikiwa kwa hali ya kuigiza joistiki, kasi yako inatupwa. Piga mpira utakavyo, alama inatembea mwendo wake uleule.

Halafu wewe unachukua hiyo gemu, unaiweka kwa simu, unabonyeza mshale kwa kidole gumba, na unasema inaboo. Manze, hata mimi ningeboeka! Hizo konsoli ndogo za kuchomeka kwa TV, zinazouzwa na mamia ya gemu ndani na padi mbili za vitufe, zina kosa hilohilo. Gemu ya nobu bila nobu ni picha ya chakula.

Kuna wale wataniambia gemu nzuri ni nzuri kwa kidhibiti chochote. Kwa Pac-Man, sawa, hiyo ilikuwa ya joistiki tangu mwanzo. Lakini Taito walipoleta Arkanoid kwa NES, waliiuza na kidhibiti chake chenye nobu, kinaitwa Vaus. Hawakuwa wanaongeza gharama kwa kujifurahisha. Walijua wanachouza.

Sisemi ununue vitu vya zamani kwa bei ya ukichaa. Kama uko na kompyuta, weka emuleta ya Stella, tumia kipanya badala ya padi kwa gemu za padeli. Kipanya kinapima mwendo wa mkono, kwa hivyo angalau kasi yako inafika. Jaribu Breakout hivyo kwa nusu saa kisha urudi uniambie.

Klipu nimeifuta. Jana usiku tuliweka Indy 500, mchezaji mmoja dhidi ya saa, na ile "imekufa" ikiwa kwa mkono wangu. Niligonga kila ukuta. Binamu akainyakua, akashika nobu kwa vidole viwili tu, karibu haigusi, gari likapinda kona zote safi. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema mjomba alikuwa anashika hivyo, na kwamba tangu tumzike hajaiwasha hadi alipofika hapa kwetu.