Wanunuzi Wawili wa Mbao Laini, na Somo la Mifuko Yetu

Tukizungumza Marekani na Uchina hapa Pwani, aghalabu huwa ni habari za simu, chuma na magari. Mimi huzitazama kwa mbao laini: msonobari na jamii yake, mbao za kujengea na kuezekea. Hawa ndio wanunuzi wakubwa duniani, na safari zao hazifanani.

Marekani ni mnunuzi mzee. Ina misitu na viwanda vyake, ila nyumba zake nyingi husimamishwa kwa mbao, na zinazopungua huletwa zaidi kutoka Canada. Ugomvi wao ulianza mwaka 1982. Wamarekani wanadai serikali za majimbo ya Canada huuza miti ya umma kwa bei ya kutupa, Canada inakana. Mkataba wa mwisho ulikwisha Oktoba 2015, na tangu 2017 ushuru umekuwa ukipanda na kushuka kama maji ya bamvua. Mwaka 2025 ulifika takriban asilimia 35, na Oktoba ikaongezwa 10 nyingine.

Lakini kilichotikisa manunuzi hayo kuliko ushuru ni ujenzi wenyewe. Mwaka 2005 Wamarekani walianza kujenga nyumba zaidi ya milioni 2. Mwaka 2009 hazikufika 600,000, na mbao kutoka nje zikaanguka hadi chini ya nusu.

Uchina ni mgeni aliyeingia kwa kishindo. Mafuriko ya mto Yangtze mwaka 1998 yaliua maelfu ya watu. Serikali ikalaumu ukataji miti, ikaanza kufunga misitu ya asili. Basi msumeno ukahamia kwa jirani, Urusi. Kwanza yaliletwa magogo. Urusi ilipopandisha ushuru wa magogo kuanzia 2007, wanunuzi wakageukia mbao zilizokwisha kupasuliwa. Kule hazijengi kuta sana. Nyingi ni za kumwagia zege kwenye maghorofa, na za fanicha na makasha. Wakati Marekani imelala, Uchina ndiyo iliyovipa pumzi viwanda vya British Columbia. Kufikia 2019 ilikuwa ikinunua mita za ujazo zipatazo milioni 28 kwa mwaka. Kisha kampuni kubwa za nyumba, Evergrande ikiwemo, zikazama katika madeni, na manunuzi yakashuka chini ya milioni 20.

Kwa hiyo mmoja anabishana na jirani anayemhitaji, na mwengine amelinda misitu yake kwa kukata ya watu. Hili la pili latuhusu. Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, na Rais Ruto akatangaza kuuondoa usimamishaji huo Julai 2023. Muda wote huo paa ziliendelea kuezekwa, na mbao zikavuka mpaka kutoka Tanzania, kwenye mashamba ya misonobari kama Sao Hill huko Mufindi. Tofauti ni kwamba Uchina ilikuwa na fedha, na Urusi, Canada na Ulaya zikigombania kuiuzia. Fundi wa Likoni au Kwale hana wauzaji watatu wa kuchagua. Akifungiwa huku na kupandishiwa ushuru kule, bei anaibeba yeye na mwenye nyumba, na sijaona serikali ya kaunti yoyote ya Pwani ikilijadili hilo kwa uzito.