Wafuasi Elfu Hamsini Hawamdhamini Muuzaji

Imeenea miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa miji yetu, tangu Kariakoo hata Gikomba, itikadi kwamba mtu anayetaka kuaminiwa na wanunuzi wasiomjua hana budi kwanza kuonekana na halaiki ya watu: ukurasa wake wa Instagram uwe na wafuasi elfu hamsini, picha zake zing'ae, tovuti yake ipambwe, na mtu mashuhuri alipwe amtaje kwa jina. Itikadi hii hufundishwa katika semina, hunadiwa na vijana wanaouza huduma za masoko ya mtandaoni, na hupokewa na mama muuza vitenge kama hukumu isiyo na rufaa, hata akatoa akiba yake ya miezi kununua kuonekana. Nasema bila ya kificho kwamba itikadi hii ni batili, na kwamba humdhuru muuzaji mnyofu kuliko inavyomnufaisha, kwa kuwa humpeleka kushindana na walaghai katika uwanja ambao walaghai ndio hodari.

Mnunuzi aliyeketi Dodoma na simu mkononi, akitaka kutuma shilingi 85,000 kwa mtu wa Dar es Salaam ambaye hajapata kumwona, hajiulizi mtu yule anajulikana na wangapi. Hujiuliza jambo moja: nikidhulumiwa, nitamshika wapi? Wingi wa wafuasi hauna jawabu la swali hilo. Watu wale elfu hamsini hawakuweka dhamana yoyote, hawatalipa deni la mtu, na wengi wao hawakumbuki hata siku walipoanza kumfuata. Katika mali kauli, desturi ya kale ya pwani ambayo hata leo haijafa baina ya wauza jumla na wachuuzi, mtu hukabidhiwa bidhaa bila ya fedha, akauze kwanza kisha ndipo alipe. Na anayemkabidhi haangalii mtu yule anasifiwa na wangapi sokoni, bali huangalia kama ana nyumba inayojulikana, jamaa wanaojulikana, na mdhamini atakayesimama mahali pake iwapo atatoweka. Huaminiwa kwa sababu anashikika. Sifa njema humfuata baadaye, akisharudi na fedha za watu mara nyingi, wala haikupata kuwa badala ya kushikika huko.

Zaidi ya hayo, wafuasi huuzwa. Marekani ilikuwako kampuni moja, jina lake Devumi, iliyouza wafuasi bandia kwa waigizaji, wanamichezo na watu wa biashara. Gazeti la New York Times liliianika mwaka 2018, na mwaka uliofuata serikali ya nchi ile, kwa mkono wa Tume ya Shirikisho ya Biashara, ikafikia hukumu ya dola milioni 2.5 juu ya mwenye kampuni. Kampuni ilikwisha, walakini biashara yake haikwisha. Hapa kwetu kurasa zenye wafuasi tayari hupita mkono kwa mkono: jina hubadilishwa, picha za zamani hufutwa, na ukurasa uliokuwa wa vichekesho ukaamka asubuhi ukiuza simu na majokofu, na idadi yake ya wafuasi ikiwa juu pale pale, ikimshuhudia mtu ambaye hawakupata kumchagua.

Mwanauchumi George Akerlof alieleza, katika makala yake ya 1970 iliyochukua mfano wa magari yaliyokwisha tumika, kwamba mahali ambapo mnunuzi hawezi kupambanua kizima na kibovu, hutoa bei ya mtu mwenye shaka, na mwenye kitu kizima, akiona bei ile haimfai, huondoka sokoni na kuwaachia wenye vibovu. Miaka mitatu baadaye Michael Spence akaongeza, akitazama soko la kazi, kwamba alama haiwezi kumtambulisha mwema isipokuwa iwe ghali zaidi kwa asiye mwema kuliko kwake. Wote wawili walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2001, na hoja zao zatosha kuibomoa itikadi ninayoishambulia. Mfuasi wa kununua ana bei moja kwa mkweli na kwa mwongo. Picha ya kuvutia ina bei moja. Tena mwongo, ambaye hana gharama ya kutunza ghala, kulipa mafundi wala kurudisha fedha za mtu, ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kununua hayo yote.

Ni hali hiyo hiyo kwa lile kufuli dogo lililokuwa likionekana kando ya anwani ya tovuti, ambalo wataalamu wengi waliwaambia wateja wao kuwa ni muhuri wa uaminifu. Kufuli lile lilikuwa na maana moja tu, kwamba mazungumzo baina ya simu yako na tovuti yamefungwa wasiyasikie wapita njia. Halikusema neno juu ya tabia ya mtu aliye upande wa pili. Tangu mwisho wa 2015, shirika la Let's Encrypt lilipofungua mlango wa kutoa bure kwa kila mwenye tovuti hati zinazoleta kufuli hilo, mwizi naye amekuwa akizipata bila ya senti. Google wenyewe walikiri kwamba katika utafiti wao wa 2021 ni asilimia 11 tu ya walioulizwa waliofahamu sawasawa maana ya alama ile, na mwaka 2023 wakaiondoa katika kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta. Hati hiyo ni lazima kwa kila tovuti, nami sisemi iachwe. Nasema kuinadi kama ushahidi wa unyofu ni kumhadaa mteja.

Watanijibu, na jibu lao lina nguvu, kwamba watu kwa hakika huhukumu kwa macho. Kweli, Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2002 kilichapisha utafiti uliowauliza watu zaidi ya 2,600 wapime tovuti ipi yaaminika na ipi haiaminiki, na takriban nusu ya maelezo yao yalihusu sura: mpangilio, rangi, maandishi. Siukatai ushahidi huo. Lakini waliohukumu walikuwa watazamaji; hawakuwa wametuma fedha zao na kungoja mzigo siku nne pasipo habari. Sura humleta mtu hadi mlangoni, na ukurasa mchafu wenye makosa ya tahajia humfukuza, kwa hiyo usafi ni wajibu. Ila mtu akishafika mlangoni hutafuta kitu kingine, na hapo ndipo wauzaji wetu wengi wanapomwacha mikono mitupu.

Ajabu kubwa ni desturi ya kuficha bei. Picha ya kabati imepigwa kwa ustadi, chini yake pameandikwa "bei njoo inboksi", na mteja aliyetaka kujua jambo moja jepesi analazimika kujitambulisha, kusalimu, kungoja, na pengine kupimwa kwa picha yake na namna anavyoandika, kabla ya kutajiwa bei ambayo hana hakika kama ndiyo aliyotajiwa jirani yake. Wafundishaji wa masoko husema kwamba kwa njia hiyo muuzaji hupata mazungumzo na mteja, na kwamba washindani hawataiba bei yake. Washindani wanaijua bei yake tangu zamani, maana wananunua kwa muuza jumla yule yule. Anayefichwa ni mteja peke yake, naye hujifunza tangu hatua ya kwanza kwamba mtu huyu huzungumza na kila mtu kwa namna tofauti. Bei iliyoandikwa hadharani ni ahadi ambayo yeyote aweza kuionyesha kesho akidai haki yake, na kwa sababu hiyo hasa ina thamani.

Njia ya malipo nayo husema mengi. Muuzaji anayepokea fedha kwa Lipa Namba, au kwa nambari ya till kama wasemavyo Kenya, hujitokeza kwa jina la biashara lililosajiliwa. Anayeandika namba ya simu yake, kisha siku ya kulipa akasema itumwe kwa namba nyingine yenye jina la mtu wa tatu "na ya kutolea", anawaomba watu wamwamini huku akikwepa kushikwa. Wachina waliligundua tatizo hili mapema: soko la mtandaoni la Taobao lilipata nguvu pale mfumo wa malipo wa Alipay ulipoanza kuzizuia fedha za mnunuzi, zisimfikie muuzaji mpaka mzigo upokewe. Mfanyabiashara mdogo wa kwetu hana mtambo wa namna hiyo, lakini aweza kukubali kulipwa mzigo ukifika, angalau kwa wateja wa mji wake, au kupokea nusu kwanza na nusu bodaboda akishakabidhi. Itamgharimu usumbufu, na safari chache atapoteza nauli. Gharama hiyo ndiyo mwongo asiyoweza kuibeba.

Nakuja sasa kwenye jambo linalochukiwa kuliko yote, yaani kurudisha bidhaa na kuvumilia lawama mbele ya watu. Bado tunabandika ukutani, na siku hizi kwenye tovuti, kwamba mali ikishauzwa hairejeshwi, na mteja anayelalamika chini ya picha hufutiwa maneno yake na kuzuiwa. Anayefanya hivyo hudhani ameilinda heshima ya duka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, waliochapisha matokeo yao mwaka 2017, walikuta kwamba uwezekano wa mtu kununua hufikia kilele pale wastani wa nyota za wateja unapokuwa baina ya 4.0 na 4.7, kisha hupungua ukikaribia tano kamili. Maana watu wazima hawasadiki kwamba yupo muuzaji ambaye hajapata kumkosea mtu. Kampuni ya nguo ya Fashion Nova ililipa dola milioni 4.2 huko Marekani mwaka 2022 kwa tuhuma ya kuzizuia hakiki zenye nyota chini ya nne zisionekane. Mchukulie fundi seremala wa Keko ambaye kitanda chake kimepasuka mbao, mteja akamwandikia maneno makali, naye akajibu hapo hapo kwamba atakuja Jumamosi kukibadilisha, na Jumamosi mteja yule akaandika kwamba amekuja. Mistari hiyo mitatu, ikisomwa na mgeni, itamuuzia vitanda vingi kuliko wafuasi elfu kumi wa kununua. Fundi aliyeifuta lawama ameitupa mali yake kwa mkono wake mwenyewe.

Iko hoja moja ambayo naiheshimu. Wanawake wengi hupika keki au hushona nyumbani kwao, na kutangaza mahali walalapo ni hatari ya kweli. Hao wasiambiwe waandike namba ya nyumba. Waandike mtaa, wataje kituo au duka la jirani ambapo mzigo huchukuliwa, na wasajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, au kwa Kenya kupitia eCitizen, ili jina lile liwe na mtu nyuma yake kisheria. Wapo wanaoogopa kusajiliwa kwa sababu ya kodi. Hofu hiyo naifahamu, lakini anayejificha kwa serikali ili asitozwe hana hila ya kumshawishi mteja kwamba kwake hajifichi.

Halmashauri zetu hutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sehemu ya fedha hiyo yaweza kuishia katika matangazo ya kulipia na kurasa za kununua, iwapo ndivyo wakopaji walivyofundishwa. Naomba wanaoendesha mafunzo ya wakopaji hao wabadili mpangilio wa somo: kabla mwanafunzi hajaonyeshwa namna ya kupiga picha ya bidhaa, aandike kwa Kiswahili chepesi, katika mistari isiyozidi sita, bei yake, jina lake lililosajiliwa, mtaa wake, siku atakazochukua kufikisha mzigo, na fedha ya mteja itarudi vipi na kwa muda gani iwapo mzigo una kasoro. Asiyeweza kuijaza karatasi hiyo hayuko tayari kutangaza.