Maji ya Kila Jioni Hayalei Bustani

Miongoni mwa imani zinazotawala utunzaji wa bustani za nyumbani katika kaunti za Migori na Homa Bay, hakuna iliyo na wafuasi wengi, wala iliyo na hasara iliyofichika zaidi, kuliko ile inayodai kwamba nyasi na miche iliyopandwa karibuni huishi kwa kunyunyiziwa maji kidogo kila jioni. Muuza miche huitaja imani hiyo anapopokea malipo yake, mwenye nyumba humwagiza mfanyakazi wake aifuate, na mtoto atokaye shuleni hukabidhiwa mtungi kabla hajavua sare. Desturi hiyo inapoendelezwa baada ya wiki mbili au tatu za mwanzo, huidhoofisha mimea ile ile inayokusudiwa kulelewa, hupoteza maji ambayo nyumba nyingi za eneo hili hazina ya kupoteza, na juu ya hayo humpa mtunzaji faraja ya kuamini kwamba ametimiza wajibu.

Haki itendeke: imani hii ilizaliwa na ukweli. Kipandikizi cha nyasi, yaani kipande cha shina linalotambaa kilichong'olewa mahali pamoja na kupandwa pengine, hufika katika makao yake mapya kikiwa hakina mizizi ya kukitosheleza, na kwa siku za mwanzo hutegemea unyevu wa tabaka la juu la udongo, ambalo jua la kanda ya ziwa hulikausha kwa saa chache. Katika kipindi hicho kunyunyiza kila siku, hata mara mbili kwa siku, ni sahihi kabisa. Kosa huanza pale ambapo matibabu ya mgonjwa hufanywa kuwa chakula cha mzima, kwa sababu mizizi iliyokwisha kushika hufuata maji yalipo: yakiwa juu tu, nayo hubaki juu.

Anayetaka ushahidi hahitaji maabara. Akwangue udongo kwa ncha ya kisu mara tu baada ya unyunyizaji wa jioni, naye ataona tabaka jeusi lililolowa, mara nyingi lisilozidi upana wa kidole, na chini yake udongo mkavu wenye rangi iliyopauka, ambao haukuguswa na tone hata moja. Hesabu inaeleza sababu. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya eneo la mita mraba 1 ni lita 1; kwa hiyo mitungi 10 ya lita 20, ikimwagwa kwenye uwanja wa nyasi wa mita 10 kwa 10, huleta milimita 2 pekee, ilhali siku ya jua kali kando ya Ziwa Victoria inaweza kuondoa milimita 4 au 5 kwa njia ya mvukizo wa udongo na upumuaji wa majani. Nyumba inayoteka mitungi hiyo 10 kila siku hutumia lita 1,400 kwa wiki na bado nyasi zina kiu. Lita hizo hizo zikitolewa kwa mkupuo mmoja zingefikisha milimita 25, kiasi kinachoweza kulowesha udongo hadi penye mizizi, katika mita mraba 56, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wote. Na ikumbukwe kwamba pale ambapo bomba halijafika, lita hizo hubebwa kichwani, kwa kawaida na wanawake na wasichana.

Udongo wenyewe huzidisha ubishi huu. Kando ya ziwa kuelekea Kendu Bay na Karungu, na katika bonde la Lambwe, kuna maeneo mapana ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba unapolowa na kupasuka unapokauka hata nyufa zikameza fimbo. Udongo wa namna hii, ukiwa umeshavimba, hupokea maji polepole mno, milimita chache tu kwa saa, kiasi kwamba anayemwaga kwa haraka huyaona yakitiririka kuelekea barabarani. Njia inayoufaa ni kumwagilia kwa awamu, yaani kulowesha kwanza, kungoja nusu saa au zaidi maji yazame, kisha kurudia, na baada ya hapo kuuacha udongo upumzike kwa siku kadhaa ili hewa irudi penye mizizi. Udongo mwekundu wa upande wa Rongo na Awendo hupokea maji kwa urahisi zaidi, na mtunzaji wa huko hahitaji subira kama hiyo. Kwa hiyo ratiba moja ya saa kumi na mbili jioni, inayotumika sawasawa Awendo na Karungu, ni ratiba isiyojua inamwagilia nini.

Kuna pia suala la mbu, ambalo wapenzi wa bustani hawapendi kulisikia. Mbu aitwaye Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria barani Afrika, hupendelea kutaga katika vidimbwi vidogo vya muda vinavyopigwa na jua, yakiwemo maji yaliyotuama katika alama ya kwato au ya tairi, na kiluwiluwi chake huhitaji takriban wiki moja hadi mbili za maji ili kiwe mbu kamili. Kidimbwi kilichoachwa kwenye jua kina nafasi nzuri ya kukauka kabla muda huo haujatimia. Kinachoongezwa maji kila jioni hakikauki kamwe. Katika kaunti ya Homa Bay, ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa kwa upande wa Kenya tarehe 13 Septemba 2019, kuutunza uwanja wa mabondemabonde kwa maji ya kila siku ni ukarimu unaomfaa mgeni asiyetakiwa.

Watetezi wa imani hii watasema kwamba nyasi za jirani anayenyunyiza kila jioni ni za kijani, na huenda ni kweli, hasa wakati wa masika, msimu ambao Waluo huuita chwiri, wakati ngurumo za alasiri zinapofanya kazi ambayo mtungi hujipatia sifa yake. Mtihani wa haki ni Januari na Februari, kiangazi kinapokaza na bomba linapokauka kwa siku tatu. Hapo nyasi zenye mizizi ya juu juu hugeuka rangi ya majani makavu kabla ya zote, huku zile zilizozoezwa kungoja zikiendelea kunywa kutoka chini. Mara nyingi mwenye nyumba huongezea kosa la pili, la kufyeka nyasi changa hadi udongo uonekane kwa kuamini kwamba ufupi ndio usafi, ilhali jani ndilo linalotengeneza chakula cha mzizi, na kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja ni kuunyima mzizi riziki.

Kosa la tatu hufanyika hata kabla ya kupanda. Nyasi ya Kikuyu, iliyotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kusambazwa hadi Australia na California, asili yake ni mahali penye ubaridi, hasa kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 na zaidi, ilhali uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 tu juu ya usawa wa bahari. Anayeipanda Mbita kwa sababu aliiona ikipendeza Limuru amejifunga mkataba wa mitungi. Ukoka wa kawaida, ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon na ambao wakulima huulaani unapovamia mahindi, unaweza kuteremsha mizizi yake hadi kupita mita moja ukipewa nafasi. Ni mmea wa joto, na dharau unayotupiwa haina msingi wowote wa kibustani.

Kwa miti na maua, mbadala wa mtungi wa kila jioni ni matandazo, yaani tabaka la mabaki ya mimea linalofunika udongo ili jua lisiufikie. Eneo hili limejaliwa matandazo kupita kiasi: makapi ya miwa kutoka viwanda vya Awendo na Ndhiwa, maganda ya karanga, makapi ya mpunga. Lililo bora huenda ni lile linalokatwa kwenye ua wa nyumba na kutupwa, yaani majani ya alizeti mwitu, Tithonia diversifolia, ambayo yakikaushwa huwa na nitrojeni ipatayo asilimia 3.5 ya uzito wake na potasiamu ipatayo asilimia 4, na ambayo huoza kwa haraka na kuwa mbolea. Mchwa wataitwa na chochote kikavu, hilo halikanushiki, na ndiyo maana matandazo huachwa upana wa kiganja mbali na shina. Maji nayo humwagwa ndani ya beseni la udongo lililochimbwa kuzunguka mche, likipanuliwa kadiri matawi yanavyopanuka, wala si kwenye shina ambako hayanywewi na mzizi wowote.

Kalenda ina nguvu kuliko mtungi. Mche wa mwembe unaotiwa ardhini mvua za Machi zinapokolea hupata miezi miwili au mitatu ya kunyweshewa na mawingu, lakini ule uliopandwa tarehe 13 Novemba 2023, siku ambayo serikali ya Kenya ilitangaza mapumziko ili wananchi wapande miti, ulikuwa na wiki chache tu za mvua za vuli kabla ya kukutana na kiangazi, na bila beseni wala matandazo hakuna unyunyizaji wa jioni ambao ungeuvusha.

Yapo yanayostahili maji ya kila siku: mbegu ambazo hazijaota, mimea ya kwenye vyungu, kitalu cha sukuma wiki. Kwa mengine yote, kipimo ni bisibisi ndefu au ncha ya panga. Ikizama kwa urahisi hadi urefu wa kidole, mtungi ubaki jikoni. Pale ambapo maji hubebwa, jambo la busara ni kupunguza uwanja wenyewe uwe mita mraba 20 mbele ya mlango, unaotosheka kwa mitungi 25 kwa wiki, na sehemu inayobaki kupewa viazi vitamu, zao ambalo wakulima wa Kabondo wanalijua vizuri, ili mvua itakaponyesha mashina yake yatambae na kuifunika ardhi, na chini yake kichimbwe chakula.