Saruji Juu ya Chokaa: Kwa Nini Kuta za Mji Mkongwe Hulowa

Fundi aitwapo kutengeneza nyumba ya kale katika Mji Mkongwe wa Unguja, mara nyingi hubandua lipu ya chokaa iliyochakaa, akapiga mahali pake lipu ya saruji. Mwenye nyumba hufurahi, maana ukuta umenyooka na ni mgumu. Baada ya masika mawili matatu rangi huanza kuvimba, unga mweupe hutokeza ukutani, na vyumba hunuka uvundo. Fundi huitwa tena, naye huongeza saruji.

Kisa chenyewe ni fizikia ya shule ya sekondari. Kuta hizo, zenye unene wa nusu mita au zaidi, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Vitu vyote hivyo vina vinyweleo, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Kadiri kinyweleo kinavyokuwa chembamba ndivyo maji yanavyopanda zaidi: katika mrija wenye nusu kipenyo cha milimita 0.01, yaweza kufika kiasi cha mita 1.5. Waashi wa kale hawakuweka tabaka la kuzuia unyevu chini ya kuta zao. Walitegemea lipu ya chokaa, ambayo hupitisha mvuke. Maji yaliyoingia yalitoka, na upepo ukayachukua.

Saruji hufunga njia hiyo. Isitoshe, ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake. Jua likiwaka ukuta hutanuka, usiku hunywea. Chokaa huifuata miendo hiyo midogo, bali saruji hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua ya upepo hufyonzwa na nyufa hizo kwa nguvu ile ile ya utambi, lakini kutoka kwake nyuma ya lipu iliyobana huchukua muda mrefu mno. Maji hayo hubeba chumvi ya bahari, nayo yakaukapo, fuwele za chumvi hukua ndani ya vinyweleo na kuisukuma lipu mpaka ibanduke. Linalotisha zaidi halionekani kabisa: ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ukutani huoza kimya kimya, na hizo ndizo zinazobeba sakafu.

Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba, 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Si haki kuitwika lipu lawama ya msiba ule. Hata hivyo, ulionyesha kwamba udhaifu wa majengo ya aina hii waweza kugharimu maisha.

Wapo wanaodai kwamba chokaa ni kazi ya mababu iliyopitwa na wakati. Hao wameusahau mlinganyo walioukariri shuleni. Matumbawe yakichomwa kwa joto la nyuzi za Selsiasi 900 hivi, kalsiamu kaboneti hutoa kabonidayoksaidi na kubaki chokaa hai. Chokaa hiyo huzimwa kwa maji, kisha ikiwa ukutani huivuta tena kabonidayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe. Mwanafunzi huandika haya yote katika mtihani, na ni nadra kuambiwa kwamba sehemu ya mwisho hutendeka juu ya ukuta wa jirani yake.

Hoja ya gharama ina uzito zaidi. Tanuu hula kuni nyingi, na chokaa hudai subira ambayo mkandarasi hana. Lakini lipu inayorudiwa kila baada ya miaka michache si rahisi. Saruji yenyewe haina kosa. Kwenye ukuta wa matofali ya saruji yafaa sana. Imewekwa tu mahali pasipo pake.

Mwalimu aweza kulipima jambo hili bila maabara. Matofali mawili ya kuchoma yapakwe lipu pande zote isipokuwa chini, moja kwa chokaa na moja kwa saruji, yaachwe majuma manne yakinyunyiziwa maji, kisha kila moja lisimamishwe katika sinia lake la maji ya chumvi lililofunikwa pembeni. Darasa lipime kila juma ni sinia lipi linalopungukiwa upesi, na liangalie chumvi inatokeza wapi.