Mkate wa Bukene na Mwaka wa Miezi Kumi na Miwili

Septemba iliyopita nilikuwa nyumbani Bukene, wilayani Nzega, nikiwa mgeni rasmi katika mahafali ya kidato cha nne. Kama ilivyo ada yetu sisi tuliopewa kipaza sauti na mshahara wa kila mwezi, niliwaasa vijana wajiajiri, nao wakapiga makofi. Keki iliyokatwa siku ile ilitoka nyumbani kwa mdogo wangu, si mbali na uwanja wa shule. Siku nne baadaye maofisa wawili walifika kwake, wakatazama tanuri lake la matofali na udongo, wakamwamuru aache kuoka mpaka apate usajili wa jengo la chakula. Ofisi iliyowatuma sitaitaja, kwa kuwa kilio changu hakiwahusu watu wale wawili. Walikuwa na adabu, na walichokisoma kilikuwa kimeandikwa.

Walitaka chumba kisichotumiwa kwa jambo lingine lolote, sakafu na kuta zinazooshwa, stoo ya peke yake, na choo cha wafanyakazi. Mdogo wangu hana wafanyakazi. Ana binti mmoja wa kidato cha pili anayemsaidia kukanda unga kabla ya kwenda shule. Alinitazama akaniuliza, "Kaka, si wewe uliyesema juzi tujiajiri?" Sikuwa na jibu siku ile. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu langu, na limechelewa.

Msomaji wa Dar es Salaam aelewe kwanza Septemba ni nini kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, fedha hukaa mikononi mwa watu kwa miezi michache ya kiangazi, na ndani ya miezi hiyo hubanwa harusi, mahafali, ngoma, na madeni yote ya mwaka. Nimelipitia daftari la mdogo wangu. Kati ya Julai na Oktoba alimaliza viroba vitatu vya unga wa ngano, vya kilo 25, kila wiki: skonzi, mikate ya boflo, hafkeki, na keki za sherehe. Januari alitumia kiroba kimoja mwezi mzima, tena sehemu yake ikaishia kwa watoto wake. Wakati wa masika Bukene hainunui mkate. Inanunua mbegu, na baadaye inahesabu debe lililobaki.

Biashara hii basi ina miezi minne, mitano ukibahatika. Sheria zetu zinaiona kama kiwanda kinachofanya kazi miezi kumi na miwili. Ada hutozwa kwa mwaka. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, haina riba, na kwa hilo naipongeza. Lakini mwanamke huipata kupitia kikundi, ilhali tanuri ni la kaya moja. Na anayeoka kwa msimu akipangiwa marejesho ya kila mwezi, Januari atauza mbuzi ili alipe mkopo wa mkate. Mikopo yenyewe ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Kwa mwokaji wa Bukene huo si mwaka mmoja na kitu uliopotea. Ni kiangazi kizima, na kiangazi hakilipwi fidia.

Jambo hili wazee wetu walilijua. Wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri kwenda pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi kurejea kabla ya mvua ili walime. Burton alipofika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, Novemba 1857, alikuta nchi yenye kalenda hiyo tayari, na vijiji vya njiani vikiuza chakula kwa misafara. Watemi nao walitoza hongo, neno ambalo leo limepata maana nyingine ambayo msomaji hahitaji kuelezwa. Mirambo mwenyewe, ambaye hakuna aliyewahi kumsifu kwa upole, alidai hongo kwa msafara uliopita. Hakuidai kwa njia iliyokuwa tupu.

Najua hoja itakayorushwa dhidi yangu: afya ya mlaji. Siibezi. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na nchi haina budi kuwa na mkaguzi. Ila tujiulize hatari iko wapi. Mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, nyama isiyopikwa sawasawa na maziwa yaliyolala ni jambo moja. Skonzi iliyotoka kwenye moto mkali na kuliwa siku hiyo hiyo ni jambo lingine kabisa. Ukiweka masharti mamoja juu ya vyote viwili hujamlinda mlaji, umempunguzia karani kazi ya kufikiri.

Wenzetu wamefikiri. California, jimbo lisilo na sifa ya ulegevu katika kanuni, lilipitisha sheria mwaka 2012, ikaanza kutumika Januari 2013, inayomruhusu mtu kuoka na kuuza akiwa katika jiko lake la nyumbani. Vyakula vinavyoruhusiwa ni vile visivyohitaji jokofu, mkate ukiwemo. Anayemuuzia mlaji moja kwa moja hujisajili na kujaza orodha ya kujikagua, na bidhaa yake hubandikwa maandishi kwamba imetengenezwa jikoni nyumbani. Mapato yake yamewekewa kikomo, ili kiwanda kisijifiche nyuma ya jiko.

Sisi nasi tulianza, tukaishia njiani. Mwaka 2018 tulitoa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Tulikiri kwamba kuna mtu mdogo asiyestahili kusumbuliwa. Kisha mwaka 2019 udhibiti wa chakula ulipohamishiwa TBS, mtu yule yule akakutana na fomu isiyomtambua. Mwenye kodi anamwita mdogo, mwenye usafi anamwita kiwanda. SIDO ipo tangu 1973 na inaweza kumshika mkono, ila mwenye tanuri moja hawezi kuacha donge likiumuka ili asafiri kufuata barua ofisini.

Ninachokitaka ni kifupi. Madiwani wetu na wenye mamlaka ya viwango watambue jiko la nyumbani kama daraja lake, kwa vyakula vikavu pekee, kwa semina ya siku moja na kupimwa afya, kwa ada ya msimu inayolipwa Julai. Marejesho ya mikopo yaangukie kiangazi. Wayafanye hayo kabla ya Novemba, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kumsaidia mpaka mwakani.

Mdogo wangu hakuacha kuoka. Alikuwa ameshapokea malipo ya awali ya harusi mbili. Tangu wiki ile anawasha tanuri saa nane za usiku na kukandia unga chumba cha ndani, dirisha limefungwa, kwa mwanga wa simu, mahali ambapo hakuna bwana afya atakayeingia kumwelekeza lolote.