Guruneti Bandia Si Zawadi ya Idi



Bunduki za plastiki za Idi tumezizoea. Sasa wapo vijana wa Busia na Tororo wanaotaka na guruneti bandia, kama wanazoziona kwenye mchezo wa easofti. "Baba, inarusha chembe za plastiki za milimita 6 tu!"

Ndani ya uwanja wenye uzio, kila mchezaji akiwa na miwani ya kukinga macho, sina ugomvi na mchezo huo. Lakini sisi uwanja huo tunao? Tulicho nacho ni mpaka. Mtoto anavuka akiwa na mkoba, mbele ya askari wenye silaha za kweli. Askari hao hawajasahau mabomu ya Kampala ya Julai 2010, wala guruneti zilizotupwa Nairobi Oktoba 2011. Akiiona mkononi mwa mwanao, ataijuaje kuwa ni ya plastiki?

Msiseme ninatia chumvi. Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, polisi alimpiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, akiwa na bunduki bandia ya easofti. Akafariki.

Mtume (s.a.w.) amekataza kumwelekezea ndugu yako silaha, na amekataza kumtisha Mwislamu. Guruneti bandia sokoni ina kazi gani nyingine zaidi ya kutisha?

Mzazi, pesa hiyo nunua mpira. Mpira haumkimbizi mtu.

Wabillahi tawfiq.